Mdogo wangu kaambiwa akatwe kinyama cha msuli kipimwe, na mshipa wa fahamu labda. Mwenye uelewa naomba aje

Mtu wa Mikanjuni

Habari zenu wakuu, wakubwa wote shikamooni. Nipo Tanga mjini hapa, naomba mwenye uelewa na haya mambo anisaidie maana nyumbani tumegawanyika kabisa.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 33, anapika vitumbua anauza asubuhi Ngamiani, mtu wa kazi kwelikweli. Kuanzia kabla ya Ramadhani akawa analalamika mapaja mazito, tukajua ni uchovu wa kukaa kwenye kigoda mbele ya jiko toka alfajiri. Sasa hivi akishakaa kwenye hicho kigoda hanyanyuki mpaka ashike ukuta au mwanae amvute mkono, baiskeli yake kaitelekeza nje, kuanika nguo kwenye kamba mikono inashuka yenyewe, kumsuka mtoto ndo kabisa haiwezekani. Maumivu makubwa hana, ganzi hana, ni nguvu tu hamna.

Tumezunguka sana. Malaria, taifodi, UTI, sindano za vitamini zisizo na idadi. Mwishoni daktari mmoja akampima damu kitu kinaitwa CK ikaja 5,800 na akasema ya kawaida ni chini ya 200 hivi. Sasa anataka kumpa rufaa ya Dar akapimwe umeme wa misuli ile EMG halafu akatwe kinyama cha msuli, akaongeza kwamba wakiona kuna haja wanaweza kuchukua na kipande cha mshipa wa fahamu mguuni. Hapo kwenye mshipa ndo mama mdogo kagoma, anasema mtu akikatwa mshipa anapooza moja kwa moja. Shemeji yangu mumewe anasema aanze tu prednisoloni, zile dawa za kutuliza kinga ya mwili, kuna jirani alipona nazo, ya nini kumkatakata.

Je ni kweli anaweza kupooza? Na hicho kinyama kina ulazima gani kama damu imeshaonyesha misuli ina shida? Na hizo prednisoloni aanze au asubiri?

Mama Zuhura wa Duga

Pole sana mwanangu, na mpe pole mdogo wako. Mimi nilipita humo humo, kigoda, kamba ya nguo, mtungi wa gesi siwezi kuuinua, watu wakasema mama Zuhura kachezewa. Dua nilisoma na kusomewa na sikuiacha mpaka leo, lakini hospitali nilikwenda.

Kukatwa kwenyewe usimtishe. Mimi nilikatwa pajani kwa mbele upande wa nje, wakapiga sindano ya ganzi kwenye ngozi, nipo macho naongea na nesi. Ile ganzi haiingizwi kwenye msuli wenyewe maana inaharibu kile wanachotaka kuangalia, kwa hiyo pale wanapokata nyama unasikia kama mvuto na maumivu ya ghafla kidogo halafu yanaisha, nakwambia ukweli ili ajue asije akashtuka akaruka. Kinyama chenyewe ni cha kama sentimita moja. Nyuzi chache, bandeji, nikatoka natembea mwenyewe. Paja liliuma siku za mwanzo kama nimepigwa teke, kovu lipo dogo tu. Kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu aseme mapema, na kidonda asikiloweshe mpaka nyuzi zitolewe.

Majibu yangu yalionyesha kinga ya mwili inashambulia misuli. Nikapewa hizo hizo prednisoloni na baadae methotreksati, nayo ya kutuliza kinga. Lakini nilipewa kwa jina la ugonjwa, sio kwa kubahatisha, na hilo ndo namuombea mdogo wako.

Fundi Maabara

Mkuu Mikanjuni, mimi kazi yangu ni maabara ya histolojia, kukata vinyama vyembamba kupaka rangi na kuviandaa kwa daktari wa patholojia. Mama Zuhura kaeleza vizuri upande wa mgonjwa, ngoja nieleze kinachotokea kinyama kikishatoka mwilini maana hapo ndo watu wengi wanaumia bila kujua.

Kwanza swali lako la ulazima. CK inakwambia kuna nyuzi za misuli zinavunjika, basi. Haikwambii kwa nini. Mtu anaweza kuwa na CK ya maelfu kwa sababu kinga yake inashambulia misuli, mwingine kwa sababu kazaliwa na hitilafu ya jeni, mwingine ni dawa za kolestro zile statini, mwingine tezi la shingo limelala, hata virusi vya UKIMWI vinaweza. Ukiwatazama kwa nje wote hawawezi kunyanyuka kwenye kigoda. Wa kwanza anahitaji prednisoloni, wa pili prednisoloni kwa magonjwa mengi ya jeni haimsaidii, wa tatu anahitaji kuachishwa dawa, wa nne anahitaji homoni ya tezi. Kwa hiyo muulize daktari kama ameshapima tezi, UKIMWI, potasiamu na kama zile kingamwili za mayosaitisi, yaani kinga kushambulia misuli, zinaweza kupimwa, hivyo vyote ni damu tu na vinaweza kupunguza sababu za kukata.

Ikifika mahali lazima kukatwa, kila kitu kinategemea msuli gani umechaguliwa na umefikaje maabara. Usikatwe msuli uliokwisha kabisa maana humo utakuta mafuta na makovu tu, na usikatwe ulio mzima. Unatakiwa uliodhoofika kiasi. Kawaida ni paja, au begani, au mkono wa juu kwa mbele. Na usiwe ule ule uliochomwa sindano za EMG, sindano zenyewe zinaacha michubuko ambayo chini ya hadubini inafanana na ugonjwa, ndo maana wanaojua wanapima umeme upande mmoja wanakata upande wa pili.

Halafu usafiri. Vinyama vingi hospitali vinatumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na hiyo ni sahihi kwa uvimbe wa titi au tezi dume. Msuli hapana, sio wote. Sehemu kubwa inatakiwa ije mbichi, imefungwa kwenye gozi yenye unyevunyevu wa maji ya chumvi, isielee kwenye maji, kichupa kimefungwa kikawekwa kwenye barafu, ifike maabara ndani ya masaa machache. Sisi tunaigandisha ghafla kwenye isopenteni iliyopozwa na naitrojeni ya kimiminika, karibu nyuzi joto 160 chini ya sifuri. Ikigandishwa polepole kwenye friza ya kawaida zinatengenezwa chembe za barafu ndani ya nyuzi na ukiweka kwenye hadubini unaona matundu kila mahali, umeshaharibu. Formalini nayo inaua vimeng'enya, na nusu ya rangi tunazotumia zinafanya kazi kwa kuvifuata hivyo vimeng'enya vikiwa hai. Nimeshapokea kinyama kimetoka mbali, mgonjwa kakopa nauli, kakatwa, na kinyama chote kimezamishwa formalini. Tukaona uvimbe kidogo wa kinga basi, maswali mengine yote hayakujibika na mgonjwa hawezi kuambiwa akatwe tena kesho. Iliniuma sana ile.

Kikifika salama sasa kinasema mengi. Msuli mzima ukipakwa rangi ya kutenganisha aina za nyuzi, nyeusi na nyeupe zinachanganyikana kama ubao wa drafti. Ukikuta za aina moja zimejikusanya kundi kubwa na nyingine zimesinyaa kwa mafungu ujue shida ipo kwenye mshipa wa fahamu, msuli ulikatiwa mawasiliano mshipa wa jirani ukaja kuuokoa. Kwenye dematomayosaitisi, ile mayosaitisi inayogusa na ngozi, zinazosinyaa ni nyuzi za pembezoni mwa fungu, za katikati zimebaki nene, ukishaiona mara moja huisahau. Kwenye magonjwa ya kurithi nyuzi zinapishana ukubwa vibaya, nyingine nene nyingine uzi, na mafuta yamejaa kati yake. Na kuna protini inaitwa distrofini inazunguka ukingo wa kila uzi, mtoto wa kiume mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi wa misuli, ukipaka ile rangi yake ukingo hauonekani kabisa.

Kwa hiyo ukienda huko uulize swali hili moja bila kuogopa: maabara imeshaambiwa kwamba kinyama kinakuja siku hiyo na saa hiyo? Wakikwambia watakiweka kwenye chupa kisubiri Jumatatu, omba siku nyingine.

Dada wa Raskazone

Hii ya maabara nilikuwa siijui kabisa, asante mkuu. Mtu wa Mikanjuni na mimi nina swali, huyo mdogo wako hajabadilika ngozi? Kope, vifundo vya vidole? Dada wa rafiki yangu ilianzia hapo.

Fizio Pongwe

Swali zuri sana dada, tunasubiri jibu. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, ngoja nijibu la mshipa maana mama mdogo ana hofu ya haki kabisa na hajajibiwa.

Mshipa unaochukuliwa kwa kawaida unaitwa surali, unapita nyuma ya kifundo cha mguu kwa upande wa nje. Huo kazi yake ni kubeba hisia tu, hauendeshi msuli wowote, kwa hiyo hauwezi kumpoozesha mtu, na umechaguliwa kwa sababu hiyo. Lakini sio bure. Ukikatwa kipande chake haurudi ulivyokuwa, unabaki na ganzi ukingo wa nje wa unyayo na kuelekea kisigino, eneo linapungua kadri muda unavyokwenda ila kwa kawaida kuna sehemu inabaki. Na wapo wachache wanaobaki na maumivu ya kuchoma pale kwenye kovu muda mrefu. Mtu mwenye kisukari au anayetembea peku shamba hiyo ganzi ni hatari yake, anakanyaga msumari hajui. Ndo maana mshipa haukatwi kwa kutafutatafuta tu. Msuli unaota na kuziba, kwa mshipa unajiuliza mara mbili.

Unakatwa pale jibu litabadilisha matibabu na hakuna njia nyingine ya kulipata. Mfano mishipa midogo ya damu inayolisha mshipa wa fahamu ikivimba na kuziba, ugonjwa unaitwa vaskulaitisi, mtu anaamka leo unyayo umelegea hauinuki, wiki ijayo mkono, huyo ukimkosa anaharibika haraka na dawa zake ni kali huwezi kumpa kwa kubahatisha. Hapo mara nyingi wanachukua mshipa na msuli wa karibu yake kwa mkato mmoja ili kuongeza nafasi ya kuuona ugonjwa. Mfano mwingine ni ukoma. Watu wanadhani ukoma ni mabaka tu, upo unaokaa kwenye mshipa peke yake ngozi safi kabisa. Bonyeza nyuma ya kiwiko kwa ndani, pembeni ya goti kwa nje, au angalia shingoni, unakuta mshipa umenenepa unauma, vidole vya mwisho vinaanza kukunja. Dawa zake zinatolewa bure na mtu anapona, lakini kama hakuna baka la kuchukua ngozi wakati mwingine inabidi kuchukua kipande kidogo cha mshipa wa hisia. Sisi watu wa pwani haya tusiyasahau, ukoma haujaisha.

Kisukari cha miguu kuwaka moto, ganzi ya dawa za TB kwa kukosa vitamini B6, upungufu wa B12, hivyo havihitaji kukata mshipa. Guillain-Barré, yule aliyepooza kuanzia miguuni kwenda juu ndani ya siku chache, anapimwa maji ya uti wa mgongo na umeme. Mayasthenia, yule anayelegea jioni kope zinaanguka, kingamwili kwenye damu na umeme.

Sasa mdogo wako kwa ulivyoeleza hana ganzi, udhaifu upo mapajani na mabegani, CK ipo juu sana. Hiyo picha ni ya msuli. Mimi sio daktari wake, ila mkifika muulizeni kwa heshima tu, mshipa unachukuliwa kwa kutafuta ugonjwa gani? Pengine alikuwa anataja tu uwezekano na nyie mkasikia kama uamuzi.

Nimalizie na watoto maana wazazi wanasoma humu. Kijana wa kiume wa miaka 4 au 5 anaanguka ovyo, mashavu ya miguu manene magumu, akitoka sakafuni anaanza kwa mikono chini halafu anaishika miguu yake mwenyewe anajipandia mpaka asimame, daktari Mwingereza Gowers alilielezea hilo mwaka 1879. Zamani kila mtoto wa hivyo alikatwa msuli, daktari Duchenne mwenyewe, Mfaransa, miaka ya 1860 alitengeneza sindano yenye mdomo wa kunasa nyama akawa anachukua vinyama kwa wagonjwa walio hai. Leo, toka distrofini ijulikane mwaka 1987, kipimo cha damu cha jeni ndo kinaanza na wengi wanapata jibu hapo hapo bila kisu. Mtoto akiandikiwa kukatwa moja kwa moja ulizeni kwanza kama kipimo cha jeni kinaweza kupatikana, hata kama sampuli inasafirishwa, damu inasafiri vizuri kuliko nyama.

Mtu wa Mikanjuni

Jamani Mungu awabariki, nimemsomea mama mdogo hii ya surali neno kwa neno, kanyamaza, akasema basi wa msuli sawa.

Dada wa Raskazone nimekwenda kumwangalia kama ulivyosema. Kope za juu zote mbili zimekuwa nyeusi za rangi ya zambarau hivi na zimevimba kidogo, yeye anasema ni mafuta ya kupaka aliyonunua. Na kwenye vifundo vya vidole juu kuna vipele bapa vimekauka, tulidhani ni moshi na mafuta ya moto ya vitumbua. Halafu kanambia kitu alikuwa hajasema, kwamba wali unakwama anasukuma na maji na jana maji yakatokea puani.

Fizio Pongwe

Mkuu hilo la maji puani ndo kubwa kuliko yote uliyoandika toka juu. Misuli ya kumezea imeshaguswa, chakula kinaweza kupita njia ya hewa. Usisubiri tarehe ya rufaa, mrudisheni hospitali ya Bombo kesho asubuhi mkaeleze hilo la kwanza kabisa kabla ya la mapaja, na kope na vidole muonyesheni. Akianza kupumua kwa shida hata usiku huu huu mpelekeni. Kwa sasa ale laini, akiwa amekaa wima, asilale akishakula.

Na hizo prednisoloni, kwa kawaida ni vizuri kinyama kitoke kabla au mwanzoni kabisa mwa dawa, maana wiki kadhaa za dawa zinafuta uvimbe na kinyama kinaweza kuja safi wakati mtu anaumwa. Lakini mtu anayeshindwa kumeza hasubirishwi kwa ajili ya kinyama, daktari anaweza kuanza dawa leo na kinyama kikafuata. Uamuzi huo ni wake, shemeji asinunue mwenyewe dukani. Na akishaanza asiache ghafla, mwili unakuwa umezoea, kuacha ghafla kunaweza kumuangusha.

Mama Zuhura wa Duga

Mwanangu mwambie pia asiruhusu kuchuliwa na mafuta ya moto na kuvutwavutwa, wataalamu wa kuchua mtaani ni wengi. Na daktari akitaka kumpima matiti, kizazi na kifua asione anapotezewa muda, ugonjwa huu wa kope na misuli kwa watu wazima wakati mwingine unafuatana na saratani sehemu nyingine, lazima waangalie. Mimi niliangaliwa vyote.

Fundi Maabara

Naungana na fizio, kumeza kwanza. Niongeze tu kwamba hizo dalili za ngozi zikithibitishwa na daktari, hesabu ya kinyama inabadilika. Vigezo vya kimataifa vya 2017 vya magonjwa haya vinakubali mgonjwa mwenye vipele halisi vya dematomayosaitisi kutambuliwa hata bila kukatwa msuli, kwa hiyo inawezekana wakaona kipande kidogo cha ngozi kinatosha au wasikate kabisa. Wakikata na kinyama kikaja safi msikate tamaa pia, ugonjwa huu unakaa kwa madoa, sentimita hii ina uvimbe inayofuata haina, ndo maana wenye uwezo wanapiga picha ya MRI ya mapaja kwanza kujua wakate wapi.

Mtu wa Mikanjuni

Nimeelewa. Tumeongea na shemeji, kakubali, saa 12 asubuhi tunatoka na bajaji kwenda Bombo, nimeandika kwenye karatasi: kumeza, maji puani, kope, vidole. Swali la mwisho fundi, zile sindano za vitamini alikuwa anachomwa paja la kulia, la mwisho ni wiki iliyopita. Lina shida?

Fundi Maabara

Lina shida ndio, umefanya vizuri kuuliza. Andika na hilo kwenye hiyo karatasi, paja la kulia limechomwa sindano na lini. Wakiamua kukata wachukue la kushoto au begani, na kuanzia sasa asichomwe sindano nyingine yoyote ya msuli bila daktari wake kujua, hata CK yenyewe inapandishwa nazo kidogo.